Kidevu cha Babu

Nilitoka hospitali Alhamisi alasiri, siku ya pili baada ya kupasuliwa, nimevaa nikabu ya khalati, dada yake Mama. Mimi si mtu wa nikabu. Lakini mashavu yalikuwa yamefura hadi yakameza shingo, na kutoka pale tuktuk inaposhindwa na wembamba wa njia mpaka mlangoni kwetu Kibokoni kuna baraza tatu, kila moja na wazee wake, na kazi ya wazee hao ni kujua nani kapita na kabeba nini. Mmoja akamuuliza Mama, "Na huyu mgeni ni wa wapi?" Mama akajibu bila kusimama, "Ni mgeni wa Bibi."

Hakudanganya. Bibi mwenyewe, nilipovua nikabu chumbani, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Mama. "Mmenitilia nani humu ndani?"

Kwa msionijua: nilizaliwa na taya la chini lililotangulia. Nikifunga kinywa, meno ya chini yanakaa mbele ya ya juu, kwa hiyo meno yangu ya mbele hayakuwahi kukata kitu. Mkate wa mofa niliuchana kwa vidole. Sambusa niliiingiza kwa pembeni, nikaitafuna kwa magego kama paka aliyeokota mfupa. Madrasani waliniita Mwezi Mwandamo, kwa jinsi uso ulivyopinda ukiutazama kwa ubavuni, na mpaka leo wako watu wazima wenye watoto wanaonisalimia hivyo pale Makadara. Nilivaa vyuma vya meno mwaka mmoja na miezi minne, ili meno yapangike kwanza. Halafu Jumanne hiyo daktari akalikata taya la juu akalisogeza mbele milimita tano, akalipasua la chini kulia na kushoto akalirudisha nyuma milimita nne, akayashika yote kwa vibati vya titani na skrubu ndogo ndogo. Vyote vilifanyiwa ndani ya mdomo, usoni hakuna hata mkwaruzo. Ukijumlisha ni milimita tisa, yaani upana wa ukucha wangu wa kidole cha mwisho.

Tatizo ni kwamba kidevu kile hakikuwa changu peke yangu. Kilikuwa cha babu. Babu alipokuwa hai, Bibi akigombana naye alikuwa akinishika kidevu mimi akakisema: "Wewe, wewe, na ubishi wako huu!" Babu anacheka kule barazani, mimi nalia. Alipofariki, ugomvi ukaisha lakini mkono haukuacha. Kila nikimwamkia asubuhi, atanigusa kidevu kabla ya kuitikia. Nilipomwambia naenda kukirekebisha, alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu akauliza swali moja tu: "Na huo mfupa watakaoukata, wautia wapi?" Nikamwambia hautupwi, unasogezwa tu. Ukweli ni kwamba kuna kipande kidogo hutolewa. Sikuona faida ya kumtajia.

Basi. Usiku wa kwanza nyumbani.

Watu wananiuliza maumivu. Maumivu yalikuwepo, lakini si hayo yaliyonitoa jasho. Neva ya taya la chini hupita ndani ya mfupa wenyewe na kutokea kidevuni, na ukiupasua mfupa ule neva nayo husumbuka, kwa hiyo mdomo wa chini na kidevu vyangu vilikuwa ganzi kabisa. Kilichonitesa ni pumzi. Taya la juu ndilo sakafu ya pua. Likikatwa, pua hujaa damu iliyoganda, na hakuna ruhusa ya kupenga kamasi kwa wiki mbili. Meno nayo yamefungwa kwa raba, juu na chini, kwa hiyo unavuta hewa kupitia nyufa za meno, kwa mluzi. Unalala nusu umeketi, mito mitatu mgongoni, na shingoni umening'iniza mkasi mdogo kwa uzi, ili ukitapika uzikate raba usije ukapaliwa. Mama aliuogopa mkasi ule. Bibi aliupenda sana. "Chuma karibu na mgonjwa ni kizuri," alisema, "hakuna jini atakayesogea." Kila mtu na sababu zake.

Saa tano usiku stima zikapotea. Mnaoijua Mombasa wakati wa kaskazi mnajua feni ikisimama ndani ya nyumba ya Mji wa Kale kunakuwaje. Kuta zile nene zinarudisha joto zililokunywa mchana kutwa. Na mimi nilitakiwa niweke barafu usoni, dakika ishirini kuweka, ishirini kupumzika, maana uvimbe hufika kileleni siku ya pili na ya tatu. Barafu ya friji yetu ikaisha, ya jirani nayo ikayeyuka. Kakangu akatoka na ndoo, akarudi baada ya saa nzima na barafu ya wavuvi, ile inayolaliwa na samaki. Ameiosha, anasema. Mara mbili, anasema.

Mimi pua imeziba. Kwangu mimi ilikuwa barafu kama barafu nyingine, tena nzuri, vipande vikubwa. Nikaifunga kwa taulo nikaizungusha kutoka sikio hadi sikio. Nikaona Mama anasogea mlangoni. Kakangu kafungua dirisha. Baada ya muda nikasikia mlio dirishani, nikageuza macho, kwa sababu shingo haigeuki, nikaona paka wawili wamekaa kizingitini wananitazama kwa heshima kubwa. Kufikia alfajiri walikuwa watano. Mmoja, mwekundu mwenye sikio lililokatika, alikuja kunilalia miguuni, na nakiri kwamba usiku ule hakuna aliyenihurumia kama yeye.

Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa mbaya kuliko zote. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati: uso wa mraba, macho yamekuwa michirizi, midomo imetokeza kama ya samaki changu, na rangi ya manjano inaanza kushuka shingoni. Ijumaa hiyo hiyo ndiyo siku nyumba yetu inapopika pilau, na ndiyo siku watu wanapotoka msikitini wakakumbuka kwamba kuna mgonjwa wa kutazamwa.

Kwetu mtu akija kumuona mgonjwa huja na vitu viwili: chakula, na hamu ya kuhadithiwa. Vyote viwili mimi sikuviweza. Mmoja alileta mahamri na mbaazi. Mwingine alileta viazi karai vya moto na ukwaju wake, akaniwekea mapajani, akasema, "Kula mwanangu, upate nguvu." Kusimulia kukamwangukia Mama, na Mama ni msimuliaji. Safari ya kwanza upasuaji ulichukua saa nne, kama ulivyochukua. Kwa wageni wa tatu ulikuwa umefika saa saba. Kufikia magharibi nilimsikia akisema sebuleni kwamba moyo wangu ulisimama kidogo. Nikachukua daftari, nikaandika kwa herufi kubwa MOYO HAUKUSIMAMA, nikatoka nalo hadi mlangoni. Wageni wakasoma. Mama akasema, "Yeye atajuaje, si alikuwa amelala?"

Sijawahi kujua kwamba ninazungumza kiasi gani hadi siku zile. Kazi yangu ni kuuza leso Biashara Street. Mnunuzi akija hatazami rangi kwanza, anauliza jina: imeandikwa nini? Nami nasoma, naeleza inampasha nani, nani avaliwe hii na nani asivaliwe. Kutwa mdomo wazi. Sasa nikawa mtu wa kutikisa kichwa, tena polepole. Jioni ile, pilau inapakuliwa, nikafungua sanduku nikatoa leso yenye jina *Japo sipati tamaa sikati*, nikajifunga, nikapita sebuleni mara moja tu, nikarudi chumbani. Nilisikia vicheko nyuma yangu. Khalati akaja na sahani yake akakaa kunilia pilau mbele ya macho, ndiyo namna yake ya kumliwaza mtu.

Mama alijaribu, lazima niseme. Aliisaga pilau kwenye blenda na supu, akaichuja mara mbili. Rangi yake ilikuwa ya simenti mbichi. Lakini ulimi haukuwa na ganzi, na ile sirinji ya kwanza iliposhuka nyuma ya magego nilipata bizari, nikapata mdalasini na iliki, nikalia. Tena si kwa uzuri wake, sipendi kuwadanganya. Nililia kwa sababu ilikuwa pilau.

Kuhusu kulisha: mrija hauruhusiwi, kwa sababu kufyonza kunavuta nyuzi na kuanzisha damu. Ni sirinji ya mililita 60 yenye kimrija laini mbele, unaipitisha kati ya shavu na meno mpaka nyuma kabisa, unasukuma kidogo kidogo. Glasi moja ya maziwa ni zaidi ya nusu saa. Ukimaliza unasukutua kwa maji ya chumvi, unasugua vyuma kwa mswaki wa mtoto, unakunywa dawa ya maji, na tayari ni wakati wa kula tena. Madafu yalikuwa rahisi kuliko vyote, hayahitaji kuchujwa. Parachichi lilinisaliti, linaziba sirinji. Nimepungua kilo nne na nusu, na wako mashoga zangu walioniuliza daktari ni nani wakitazama hizo kilo, wala hawana shida ya meno.

Daktari alisema wiki sita bila kutafuna, mpaka mifupa ishikane. Bibi alihesabu kwa vidole. "Siku arubaini na mbili. Hiyo ni arubaini ya uzazi na siku mbili za tumbaku." Tangu hapo akanishika kama mzazi aliyetoka kujifungua. Asubuhi uji wa mchele wa tui, amelichuja kwa kifumbu chake mwenyewe kwa sababu chujio la Mama la plastiki haliamini. Nikafungwa leso tumboni, ingawa tumbo halikuwa na kosa. Na kwa kuwa mzazi hawezi kukaa bila pilipili manga, Jumamosi nilianza kuhisi kitu kinawasha kwenye ule uji.

Hapa nieleze. Bibi hakusomea shule, alisomea chuo cha Qurani, na herufi azijuazo ni za Kiarabu. Kwa hiyo daftari langu kwake lilikuwa michoro tu. Nikajaribu kumwandikia Kiswahili kwa alifu na be, kama walivyokuwa wakiandikiana barua yeye na dada zake. Alifurahi sana. Alinisahihisha pia, mwandiko wangu anasema ni wa kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwandikia kwamba sitaki pilipili. P haimo katika herufi za Kiarabu, na walimu wake waliiandika kwa be, nami nikaandika kwa be vile vile ili asipate taabu. Akasoma yote. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akasema macho yake siku hizi nukta hayazioni vizuri.

Asubuhi ya Jumapili punje moja ya pilipili manga ikapita kifumbuni. Nesi alikuwa ameniambia: chafya ikikujia usiizuie, usibane pua, iache itokee mdomoni. Sikumuuliza mdomo upi. Nilipiga chafya tatu. Ya kwanza ilinionyesha nyota, nikadhani vibati vimeng'oka. Ya pili ilitoa uji. Ya tatu ilitoa kutoka puani kitu cheusi ambacho sitakieleza kwa kuwa wengine mnasoma mkila, kikatua kwenye leso ya Bibi. Nikaganda, mikono yote usoni. Halafu nikavuta pumzi, na hewa ikaingia kwa pua. Tundu la kushoto. Mara ya kwanza tangu Jumanne, nikasikia harufu: udi, mafuta taa, na kwa mbali, kwenye taulo langu mwenyewe, samaki.

"Wamuona," Bibi akamwambia Mama. "Na daktari wenu amesoma miaka mingapi?"

Nilipomhadithia daktari hakucheka. Wenye mataya mapya, tafadhali, pilipili manga msiiguse.

Siku ya tano nililia kutwa. Nilikuwa nimeonywa, kwamba dawa kali zikiisha, na njaa, na usingizi wa vipande vipande, roho huanguka. Kuonywa hakukusaidia. Nilitazama picha zangu za zamani kwenye simu nikamwonea huruma yule msichana mwenye kidevu, kana kwamba nimemuuza. Usiku wake silali, nikaanza kusoma habari za mataya. Upasuaji wa taya langu la juu unaitwa Le Fort I, kwa jina la daktari Mfaransa René Le Fort. Mwaka 1901 huyo bwana alitangaza alichokigundua kuhusu mistari ambayo mifupa ya uso hupasukia, na aliigundua kwa kuvipiga vichwa vya maiti kisha kuvichunguza. Nilifunga simu kidogo hapo. Nikafungua tena, nikafika kwa wafalme wa Habsburg. Wao taya lililotangulia lilikuwa alama ya ukoo, linaonekana kwenye picha zao za rangi, maana walioana jamaa kwa jamaa vizazi na vizazi. Wa mwisho wao huko Hispania, Charles II, aliyefariki mwaka 1700, taya lake lilimpa taabu hata kutafuna.

Asubuhi nikamwandikia Bibi kwa ufupi: wafalme wa Ulaya walikuwa na kidevu cha babu. Alivaa miwani, nukta zote akaziona.

"Wafalme," akasema. "Sishangai. Na walikipata vipi?"

Nikaandika: walioana binamu kwa binamu.

Bibi na babu ni watoto wa ndugu wawili. Tukakaa kimya sote wawili, anaitazama karatasi, mimi naitazama sirinji. Kisha akainuka kwenda kuutazama uji.

Baada ya wiki mambo yalikwenda mbio kidogo. Uvimbe ulishuka, michubuko ikateremka kifuani ikafifia. Kliniki walibadilisha raba wakaweka nyepesi zaidi, nikaweza kusema maneno kwa meno yaliyofungwa kama mtu aliyekasirika. Nimeanza kusali kwa kawaida. Zile siku za mwanzo nilisalia kitini kwa sababu nikiinamisha kichwa damu yote hukimbilia usoni. Kidevu bado kina ganzi. Daktari anasema hisia hurudi taratibu, wiki au miezi, na wengine hubaki na sehemu ndogo isiyorudi. Juzi nilisikia kitu kinatembea kwenye kona ya mdomo, nikapangusa, hakuna kitu. Mara nyingine ni uji kweli, sijui mpaka nitazamwe kwa namna ile ambayo watu humtazama mtu mwenye uji.

Jana, siku ya kumi na tano, Bibi aliniita chumbani kwake baada ya alasiri. Alikuwa amekaa kitandani na mkoba wake wa nyaraka, ule wenye hati ya nyumba na shahada za watu waliokufa. Akatoa picha ya babu, ile ndogo ya pasipoti aliyopigwa akienda hija. Babu anaitazama kamera kama anayemdai mpiga picha, na kidevu kimefika kabla ya uso wake. Bibi akanisogeza dirishani penye mwanga. Akaiinua picha karibu na shavu langu, akatazama huku, akatazama kule. Kioo cha kabati lake kiko mbele yangu, kwa hiyo niliuona mkono wake ukija, ukishika kidevu, kidole gumba kikipita pale kinapopita kila asubuhi.

"Wausikia mkono wangu?"

"Siusikii, Bibi."

Akaendelea kushika. Akanigeuza ubavu wa kulia, akanigeuza wa kushoto, akaondoa ushungi wangu kwa kidole, akaisogeza ile picha tena hadi ikagusa nywele.

"Masikio bado ni yake," akasema, akaanza kuirudisha picha mkobani. "Hayo usinipelekee kwa daktari."